Mama mkwe anachemsha maziwa ninayokamua, mume anasema bora nimpe mtoto ya kopo

Shikamoo Anti, pole na majukumu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 27, naishi Gungu hapa Kigoma mjini, na jina langu naomba usiliweke maana mji wenyewe huu tunajuana. Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, nakaa kaunta napokea hela na kuandika risiti, naingia saa mbili asubuhi natoka saa kumi na moja jioni, siku zingine mzigo ukiwa umeingia inafika hadi saa kumi na mbili. Mwanangu wa kiume sasa ana miezi minne na nusu. Likizo ya uzazi nilipewa ile ya siku 84, nikarudi kazini nikiwa nimejipanga kabisa kwamba atakunywa maziwa yangu tu mpaka atimize miezi sita kama walivyotufundisha kliniki. Nikanunua pampu ya mkono na vichupa vyenye mifuniko, friji tunalo, dogo la mlango mmoja.

Anayebaki na mtoto ni mama mkwe wangu, alikuja kutoka Kasulu nilivyojifungua. Kwa kweli mjukuu wake anampenda, kutwa yuko naye mgongoni anamuimbia, hilo siwezi kumsingizia. Shida ni maziwa. Siku moja umeme ulikatika dukani tukafunga mapema, nafika nyumbani namkuta jikoni ameyaweka maziwa yangu kwenye kisufuria juu ya jiko la mkaa yanachemka kabisa, povu linapanda mpaka juu, na pembeni yameshaanza kushika utando kama ya ng'ombe. Nikamuuliza mama mbona unachemsha, akasema maziwa yaliyolala kwenye baridi hayapewi mtoto hivihivi, lazima yapite motoni. Nikamuelewesha vizuri tu kwamba yanatakiwa kupashwa kwenye maji ya vuguvugu basi. Akaitikia ndiyo. Kesho yake nauliza mtoto amekunywaje, ananiambia nimeyachemsha vizuri usiwe na wasiwasi.

Halafu siku nyingine nikakuta vichupa viwili viko tupu vimeoshwa, nikafurahi nikajua mtoto amekunywa, kumbe alimwaga. Anasema yalikuwa yananuka kama sabuni na yamejitenga, mafuta juu na maji chini, kwa hiyo yameharibika. Anti nililia. Hayo maziwa nayakamulia stoo ya dukani nimekaa juu ya mifuko ya saruji, mlango nimeushikilia kwa mguu maana hauna komeo, wateja wanaita huku nje, halafu mtu anayamwaga tu kwenye karo.

Mimi najitahidi usafi na utaratibu. Kazini nakamua saa nne na saa nane, ya saa nane namiminia kwenye kichupa kilekile cha saa nne ili nisibebe vingi, nafunika vizuri naweka kwenye pochi yangu chini ya kaunta, nikifika nyumbani moja kwa moja kwenye friji. Usiku nakamua tena mtoto akilala. Kila kichupa nimebandika plasta nimeandika tarehe na saa lakini yeye anachukua chochote anachokikuta mbele, ni kama anafanya makusudi. Mtoto akibakiza mchana, kile kilichobaki kinarudi kwenye friji na jioni namalizia mimi kumpa ili kisiende bure.

Na si hilo tu, jioni nikifika kutoka kazini hataki nimnyonyeshe moja kwa moja, anasema nikamue kwanza nimwage ya mwanzo maana yamechomwa na jua na yamechachia kwenye titi.

Sasa kama wiki mbili zilizopita mtoto aliharisha, choo cha majimaji, tukampeleka kituo cha afya akapewa ORS na zinki akapona. Jirani akaanza maneno yake kwamba tumembemenda mtoto. Mimi nilijua moja kwa moja ni yale maziwa ya kuchemshwachemshwa, nikamwambia mama mkwe, mama kwa hali hii utaniulia mtoto. Akanyamaza. Toka siku hiyo ni salamu tu, kamwambia mwanae kwamba ameshalea watoto saba na hakuna aliyefia mkononi mwake, mwisho wa mwezi anarudi zake Kasulu. Begi lake ameshalifunga liko nyuma ya mlango.

Mume wangu kachoka na haya mambo, anasema tununue maziwa ya kopo yaishe, au ya ng'ombe tuchanganye na maji, au aanzishiwe uji mwepesi kwa sababu wao walikuzwa hivyo na wako wazima. Mama yangu mzazi yuko Tabora, yeye anasema niache kazi nilee mtoto. Mshahara wangu ndo unalipa nusu ya kodi na ada ya mdogo wangu. Nimuache mama mkwe aondoke nitafute dada wa kazi? Nihamie kopo? Niache kazi? Nisaidie Anti, usingizi sipati.

Mama wa Gungu

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya chochote nikupe hongera, maana kukamua mara mbili kazini umekalia mifuko ya saruji na mguu mlangoni, halafu usiku tena, si jambo dogo.

Nikikuelewa vizuri una mambo matatu yamefungana fundo moja. Kuna maziwa yenyewe, yatunzweje na yapashweje. Kuna mama mkwe ambaye mmeumizana. Na kuna kazi inayokutoa nyumbani kutwa nzima. Wewe umeyaweka yote kwenye lile sufuria la jikoni, kwamba likitoka yote yametulia, na hapo ndo naomba tutembee polepole.

Tuanze na mama mkwe. Kasulu watu wanafuga, na mtu aliyekulia kwenye maziwa ya ng'ombe anajua kwamba hayanywewi mabichi, yanachemshwa mpaka yapande, kwa sababu maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba brusela na hata kifua kikuu. Kwa ng'ombe mama yuko sahihi kabisa, na daktari yeyote atamuunga mkono. Alichofanya ni kuchukua jambo sahihi la maziwa yale akalipeleka kwenye maziwa yako. Ya mama hayaendi hivyo, yametoka kwako kwenda kwa mwanao, yana kinga zilizo hai, na moto mkali unaua nyingi ya hizo kinga pamoja na vimeng'enya vinavyomsaidia mtoto kusaga mafuta, na baadhi ya vitamini zinapungua. Kwa hiyo kuchemsha ni hasara, nakubaliana na wewe. Ila maziwa ya mama yaliyochemka hayageuki sumu, yanabaki kuwa chakula, yamepungukiwa tu na kile ambacho kopo halina.

Sasa hapo kuna kitu nataka ukiangalie kwa utulivu, na naomba usikichukulie kama nakulaumu. Umesema ulijua moja kwa moja kwamba kuharisha kulitokana na kuchemsha. Lakini kuchemsha kazi yake ni kuua vijidudu, hakuvileti. Kama kuharisha kulitoka kwenye maziwa, basi pa kutazama kwanza ni pale ambapo vijidudu vinapata nafasi ya kuzaliana, na nikifuata safari ya kichupa chako naiona nafasi hiyo kwenye pochi. Maziwa yaliyokamuliwa yakikaa tu nje, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, tunahesabu masaa 4. Kigoma mchana joto linapita hapo siku nyingi, na chini ya kaunta ya duka la bati sijui kukoje. Ya saa nne asubuhi mpaka ufike Gungu saa kumi na moja na nusu ni masaa saba na zaidi. Halafu juu yake umemiminia ya saa nane yakiwa bado na joto la mwili. Na kile alichobakiza mtoto kimeshaguswa na mate yake, hicho kinatakiwa kitumike ndani ya masaa 2 tangu alipomaliza kunywa, baada ya hapo ni kumwaga hata kama roho inauma, hakirudi kwenye friji kusubiri jioni.

Sisemi ndo yaliyomharisha, hilo sitajua mimi wala wewe. Mtoto wa miezi minne na nusu ameshaanza kutia mikono mdomoni na kila anachoshika, na wapo watoto wanaharisha kwa virusi tu wananyonya titi tupu. Ninachosema ni kwamba ile hukumu uliyompa mama mkwe siku ile haina ushahidi wa kutosha, na yawezekana kwenye hicho unachokiogopa mkono wake upo na wako pia upo.

Sasa haya ya pochi yanarekebishika. Tafuta deli dogo au kibegi kile cha kutunza ubaridi, na vipande vya barafu vya kugandisha usiku. Kama friji lako la mlango mmoja haligandishi vizuri, barafu za mifuko zinauzwa mtaani kwa hela ndogo, funga mbili kwenye mfuko mwingine usivuje. Maziwa yakikaa humo yamegusana na barafu na deli halifunguliwi ovyo yanafika hata masaa 24, kwa hiyo jioni hata ukichelewa na mzigo huna presha. Kila ukikamua tumia kichupa chake, vidogo vidogo, na ukitaka kuunganisha subiri ya pili yapoe kwanza kwenye barafu ndo umiminie. Mikono kwa sabuni kabla ya kushika pampu. Vyombo vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikauke vyenyewe kwenye hewa, visifutwe na khanga wala kitambaa cha jikoni. Na hapo stoo kama kuna vumbi la saruji usiweke kichupa wazi hata dakika moja, funika hapohapo.

Nyumbani weka ndani kabisa ya friji nyuma, mlangoni pana joto kila mkifungua. Kwenye ubaridi wa nyuzi 4 yanakaa mpaka siku 4, japo kwa friji za nyumbani zinazofunguliwa kila saa na umeme wetu huu mimi ningependa yaishe ndani ya siku mbili au tatu. Umeme ukikatika usikimbilie kumwaga, friji likiachwa limefungwa linashika ubaridi kama masaa 4. Yale yaliyogandishwa ukiyashusha kwenye sehemu ya baridi ya friji yayeyuke, hesabu masaa 24 humohumo kwenye friji tangu yameyeyuka yote, na usiyagandishe tena.

Harufu ya sabuni na kujitenga, hapa bibi alimwaga maziwa mazima mdogo wangu, na najua kwa nini umelia. Mafuta kupanda juu ni kawaida ya maziwa ya mama, yanazungushwa taratibu yanachanganyika. Harufu ya sabuni inaletwa na kimeng'enya kimoja kinachovunja mafuta hata maziwa yakiwa kwenye baridi, wapo akina mama maziwa yao yananuka hivyo sana na watoto wanakunywa vizuri. Yaliyoharibika kweli yana harufu ya kuchacha, kali, na ukiyazungusha hayachanganyiki, yanabaki mabonge. Lakini hebu jiweke nafasi yake, mtu kafungua kichupa kimenuka sabuni, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inatokea, ana mjukuu anayempenda mkononi. Mimi naona alikuwa anamlinda mtoto.

Na plasta je, umewahi kumuuliza kama anazisoma? Umeandika ni kama makusudi. Mtu mzima wa miaka yake, maandishi ya kalamu kwenye plasta iliyolowa kwa unyevu wa friji, pengine macho hayaoni karibu, pengine kusoma kwenyewe hakukuwa bahati yake, na hawezi kumwambia mkwe wake hilo. Jaribu kitu asichohitaji kusoma. Fungeni uzi kwenye shingo ya kichupa, mwekundu uwe wa kuanza nao, au mvipange mstari, wa kushoto ndo unatangulia, na kila usiku wewe unasogeza. Tena mwachie yeye ndo apange. Ukimpa mtu kazi ya kulinda mpangilio anaulinda kuliko ukimpa amri.

Kupasha ni rahisi na nadhani ukimuonesha kwa vitendo atalielewa haraka kuliko lile somo la mdomo. Mwache achemshe, ila achemshe maji. Maji yakishatoka motoni yamiminwe kwenye bakuli, yapoe mpaka mkono unavumilia, kichupa kikiwa kimefungwa kizamishwe humo dakika chache, kizungushwe, kisha tone moja kwenye kiwiko cha mkono kwa ndani, likiwa halichomi na halina ubaridi limefika. Hapo moto wake anao na kinga za mtoto zimebaki. Na mjue kwamba si lazima hata kupasha, mtoto anaweza kunywa yakiwa ya kawaida tu, tunapasha kwa sababu wengi wanapenda. Yakishapashwa ni masaa 2, hayarudi. Ndo maana nasema vichupa vidogo, mls 60 au 80, akitaka zaidi anafunguliwa kingine. Kwa makadirio mtoto wa umri wake anakunywa kama mls 30 kwa kila saa ambayo haupo, wengine zaidi wengine pungufu, utamsoma mwenyewe. Na kama mnatumia chupa ya chuchu, fikirieni kikombe. Kikombe kidogo cha wazi kinaoshwa kikatakata, chuchu ina vikona vinavyobaki na maziwa, na watoto wadogo wanakunywa kwa kikombe vizuri tu wakiwa wamekalishwa wima na maziwa yanagusishwa mdomoni anayalamba mwenyewe bila kumiminiwa.

La kuchomwa na jua, hapana. Titi halina mahali pa kuchachia, maziwa yanatengenezwa na kukaa kwenye joto la mwili wako lilelile uwe juani uwe kivulini. Ukifika jioni nawa, kunywa maji, keti, mnyonyeshe. Ila kama bibi anakuona unamvamia mtoto na jasho la barabarani na linamkwaza, ukioga haraka kwanza hupotezi kitu na yeye atatulia. Na hilo la kubemenda lisiwanyime usingizi wewe na mumeo, ninyi kuwa pamoja usiku hakumharishi mtoto. Jirani msalimieni mpite.

Sasa tuje kwenye maamuzi yako.

Mama mkwe akiondoka na akaja dada, utapata mtu wa kumwelekeza bila kumuogopa, hiyo ni faida kweli. Lakini dada naye atahitaji kufundishwa kila kitu nilichoandika hapo juu, wengi wanaokuja ni mabinti wadogo, na mwezi wa pili anaweza kuaga. Atakayembeba kutwa na kumuimbia hutampata kirahisi. Tena ukumbuke anayeondoka ameondoka na neno lako la utaniulia mtoto, na hilo litafika Kasulu kabla yake. Sikwambii umzuie. Nakuuliza tu kama mmewahi kukaa wewe na yeye bila mumeo katikati, ukamwambia ulichoogopa badala ya ulichomtuhumu. Watoto saba aliokutajia si majigambo, ndo cheti chake, na wewe siku ile ulikichana mbele yake. Kliniki ijayo ya uzito ungeweza kwenda naye, ukamuomba nesi awaelekeze wote wawili kutunza maziwa, ili lisiwe tena la mkwe kumfundisha mama. Mara nyingi neno likitoka kwa nesi halina mshindi.

Maziwa ya kopo. Wapo watoto wanayahitaji na sitaki mama yeyote anayeyatumia ajisikie vibaya. Kwako kwanza angalia mambo mawili. Yanataka maji yaliyochemshwa na bado ya moto sana wakati wa kukoroga, vipimo sahihi vya kijiko bila kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na yakorogwe upya kila mlo, kwa hiyo yale mambo ya usafi unayoyakimbia yanakufuata hukohuko, na hela juu. Na kadiri anavyokunywa kopo zaidi ndivyo matiti yanavyopunguza kutengeneza, ukibadilisha mawazo baada ya mwezi kurudi nyuma ni kazi. Ukiamua huko, pata ushauri kliniki kwanza.

Ya ng'ombe na uji hapa nitasema wazi kidogo. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu ni baada ya mwaka mmoja, kabla ya hapo yana protini na chumvi nyingi zinazoelemea figo za mtoto na madini ya chuma ni haba, na ukiyaongeza maji unapunguza na nguvu yenyewe ya chakula. Uji unasubiri miezi sita, amebakiza mwezi na nusu tu. Mumeo anaposema sisi tulikuzwa hivyo anataka amani irudi nyumbani, naomba umsikie hapo, pengine ukimwambia unahitaji nini hasa kutoka kwake, kama kununua hilo deli na barafu, au yeye ndo aoshe vyombo vya mtoto usiku, atajiona ana sehemu.

Kuacha kazi. Mama yako Tabora ameongea kwa upendo, ila kodi na ada ya mdogo wako hazitasubiri, na hakuna anayeweza kukuchagulia hilo. Kabla hujafika huko kuna kitu sijaona kwenye barua yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, mbali na hizo siku 84, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, jumla yake isizidi masaa 2 kwa siku. Bosi wako anajua? Wewe umewahi kumuomba? Mara nyingi maduka haya ya watu binafsi hakuna aliyeisoma, na mtu anaogopa kuonekana msumbufu, naelewa hatari yake, kazi ni ngumu kupata. Ila unaweza kuanza kwa upole, ukaomba mchana uende Gungu na bodaboda umnyonyeshe urudi, au mama mkwe na mtoto waje wakukute. Mlo mmoja wa titi katikati ya siku unakupunguzia kichupa kimoja au viwili, na titi halihitaji friji wala moto wala plasta. Akikataa la kwenda nyumbani, omba basi komeo kwenye mlango wa stoo na kiti safi, hilo hata bosi mgumu linamgharimu kidogo.

Na kwa usalama wa mtoto, mjue pa kukimbilia. Mtoto anayenyonya tu anaweza kunya mara nyingi choo laini cha njano na akawa mzima kabisa, kwa hiyo si kila choo laini ni kuharisha. Lakini kikiwa maji matupu tofauti na kawaida yake, au kina damu, au ana homa, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, nepi inakaa kavu, amelegea au anakataa kunyonya, huyo hasubiri asubuhi, mpelekeni kituo cha afya na njiani unaendelea kumnyonyesha.

Mwisho wa mwezi bado haujafika na begi bado liko nyuma ya mlango. Mimi ningekuwa na siku mbili tu za kutumia vizuri ningeanza na mama mkwe jioni moja, kabla ya bosi, kwa sababu la bosi linaweza kusubiri Jumatatu. Lakini wewe ndo unayewajua wote wawili. Ukishaongea nao niandikie walisemaje, hasa huyo bosi, maana akigoma kabisa kuna njia ya kwenda kuuliza ofisi ya kazi ya mkoa na hilo tutalizungumza likifika.